Tulipika Kivukoni

Wajukuu zangu wana wazimu mpya. Siku za mapumziko hujipakia kwenye gari na mahema, majiko ya gesi na magodoro ya kupuliza, wakaenda kulala ukingoni mwa mto huko Kwale, na Jumapili wanarudi wameng'atwa na mbu mwili mzima, wanacheka. Kila mara huniuliza, "Nyanya, twende?" Na kila mara huwaambia hapana. Wanadhani naogopa baridi. Mmoja wao, yule mwenye mdomo, aliniambia mwezi uliopita, "Nyanya, wewe hujawahi kufurahi maishani." Ebo! Nilimkazia macho mpaka akaondoka zake. Nimewahi kufurahi, tena sana. Nilifurahi mtoni, na furaha ile ndiyo iliyonikwama kooni mpaka leo.

Basi nitaisema mara moja, nisiulizwe tena.

Tulikuwa tukikaa Likoni, nyumba ya makuti yenye vyumba viwili, na uwanja wa mchanga ambao mama aliufagia kila asubuhi kabla sijafumbua macho. Nilikuwa na miaka tisa au kumi hivi. Wadogo zangu walikuwa wawili, wote wanaume, mmoja ameanza kwenda chuoni kusoma juzuu na mwingine bado yuatembea uchi. Vita vikubwa vilikuwa vimekwisha. Baba alikuwa amerudi kutoka vitani Bama na koti zito lisilofaa kabisa kwa joto letu, turubai la jeshi, na jambo lililompandisha kuliko yote: alikuwa amefundishwa kuendesha lori.

Habari hii ya lori lazima muijue. Kabla ya vita baba alikuwa mchukuzi bandarini Kilindini, akibeba magunia kwa mgongo. Alipopeleka posa kwao mama, kaka zake mama, yaani wajomba zangu, walimcheka mbele ya watu. "Mchukuzi? Huyu atamlisha dada yetu vumbi la magunia?" Aliyewanyamazisha ni nyanya yangu, mama yake mama. Alisema, "Ana mikono ya kazi. Mpeni." Wakampa. Baba hakulisahau lile cheko. Nyanya alimheshimu, sisemi uongo, lakini waliomkaa moyoni usiku na mchana ni wale wajomba.

Kutoka jeshini akapata kazi kwa tajiri mmoja pale Likoni, mwenye lori la kubebea nazi na mkaa kutoka mashamba ya kusini. Salaale, baba alivimba! Alilisugua lori lile kuliko alivyotusugua sisi. Akipita mbele ya nyumba alipiga honi kwa namna yake, mbili fupi na moja ndefu, na mama, popote alipo, hata kama mikono imejaa unga, alikuwa akitabasamu. Nalikumbuka tabasamu lile kwa sababu najua siku lilipokoma.

Jumanne moja jioni akaja mtu kutoka kwao mama. Kwao ni ng'ambo ya mto Mkurumuji, ukiacha barabara kubwa na kuingia ndani kidogo. Kwa miguu kutoka Likoni ni siku nzima na zaidi, kwa lori ni nusu siku, barabara za wakati ule zikiwa mchanga na mashimo. Mtu yule hata kiti hakukitaka. Alisema, "Mamako hawezi. Hali si nzuri. Akutaka."

Mama aliinuka papo hapo akaanza kufunga furushi. Nataka mlielewe hilo. Papo hapo! Uji ulikuwa motoni, akauacha uungue.

Baba akamsimamia mlangoni. "Wenda wapi?"

"Kwa mamangu."

"Kwa miguu?"

"Kwani miguu si yangu?"

"Keti, mke wangu. Alhamisi tajiri anipa lori. Nitakupeleka mwenyewe, na watoto wote, na zawadi. Utakwenda kwa heshima yako."

Heshima! Kwetu mwanamke akirudi kwao peke yake, furushi kichwani, watu hawamuulizi kitu. Wameshajua: kaachwa, au kakimbia. Wanawake wa njiani humpa pole kabla hajafungua kinywa, na akifika kwao, mamake huanza kulia kabla ya kumkaribisha. Mke mwenye mumewe hurudi kwao na mume yuko mbele na kikapu kimejaa. Mama aliijua ada hii tangu utotoni, na baba alijua kwamba anaijua. Akaketi. Jumanne ikapita, Jumatano ikapita, na siku zile mbili sikumwona akitia tonge kinywani.

Baba naye hakukaa bure, haki yake nimpe. Alitafuta sukari wakati sukari ilikuwa adimu, akaipata. Alinunua gunia la mchele, leso doti mbili, chai, sabuni, na tambuu na tumbaku ya nyanya. Na mimi akaninunulia viatu. Viatu vyangu vya kwanza duniani, vyeusi, vya kufunga kwa kifungo pembeni. Nililala navyo. "Wajomba zako wakuone," aliniambia. Hakusema nyanyako akuone. Lakini mimi mtoto, nitayajulia wapi hayo? Niliviangalia viatu nikaona baba hana mfano.

Alhamisi tukaondoka jua limeshapanda. Mama alikaa mbele na yule mdogo mapajani, mimi na mwenzangu tukakaa nyuma juu ya gunia la mchele. Wallahi, sijawahi kuona raha kama ile. Upepo unapiga, matawi ya mikanju yanatupita juu ya vichwa, watu wa njiani wanatupungia mkono nasi twawapungia. Tulipiga kelele mpaka sauti zikakauka. Baba akipita penye watu anabonyeza honi yake, mbili fupi na moja ndefu, hata kama watu wenyewe hawamjui. Tulipofika karibu na Ukunda tukapata pancha. Baba alivua shati akaziba mpira huku akiimba nyimbo za jeshi, na sisi tukaokota mabibo tukala mpaka midomo ikawasha. Mama hakuja kivulini. Alisimama katikati ya barabara, uso upande tunakokwenda, mpaka baba alipomwita.

Tulifika mtoni wakati wa alasiri. Pale hapakuwa na daraja, palikuwa na kivuko tu, mahali ambapo mto unatandaa na chini kuna changarawe, watu wanavuka kwa miguu na gari linapita maji yakiwa kidogo. Lakini mvua ilikuwa imenyesha juu, milima ya Shimba, na maji yalikuwa ya tope na yamepanda. Mzee mmoja aliyekuwa akifua nguo upande wetu alituambia, "Mtu yampata kiunoni. Gari halipiti leo. Kesho asubuhi yatakuwa yameshuka." Akakusanya nguo zake akaenda.

Mama akateremka. Akatazama maji, kisha akatazama kilima cha ng'ambo, ambapo juu ya minazi palikuwa na moshi mwembamba.

"Ule moshi ni wa kwetu," alisema. "Nimevuka hapa na mtungi kichwani tangu nikiwa mdogo kuliko huyu. Nitavuka sasa. Nyinyi mje kesho na lori."

Baba akacheka. Hakucheka kwa ubaya, ndiyo inayonichoma. Alicheka kama mtu aliyeambiwa jambo la kitoto.

"Uingie kwenu umelowa mpaka kiunoni, peke yako, jua linatua? Watasemaje?"

"Watasema nimekuja."

"Watasema umeachwa! Mke wangu, fikiri. Mamako ni mgonjwa. Akuone unaingia hivyo, furushi kichwani, bila mume. Wataka kumuua kwa mshtuko?"

Hapo mama aliutazama tena ule moshi. Lilimgusa, nilimwona. Baba alijua pa kugusa. Kisha mama akasema, "Njoo nawe basi. Twende sote kwa miguu."

"Na lori la watu nimwachie nani? Na mchele, na sukari?"

"Basi nitakwenda na huyu," akasema mama, akanishika mkono mimi. "Sitakuwa peke yangu. Tutafika jua lingaliko."

"Ndiyo kabisa hiyo! Mwanamke na furushi kichwani na mtoto mkononi! Bora upige mbiu kabisa kwamba ndoa imekwisha." Akachuchumaa mbele yangu, akanitazama kwa macho yake mazuri, maana baba alikuwa na macho mazuri. "Haya, mwanangu, sema wewe. Wataka kuvuka tope hili kwa miguu na viatu vyako vipya, ama wataka kulala hapa kambini kama askari, kesho uingie kwa nyanya juu ya lori, na honi inalia?"

Mkono wangu ulikuwa ndani ya mkono wa mama. Nilikuwa nausikia unatoka jasho.

Nikasema, "Nataka lori."

Na wale wadogo zangu wakadakia, "Lori! Lori!" wakirukaruka.

Mama akauachia mkono wangu. Hakuuvuta, hakunifinya, aliuachia tu. Akaenda akaketi juu ya jiwe, furushi mapajani, akiutazama ule moshi. Mtaniambia nilikuwa mtoto. Nimeambiwa hivyo na watu niliowasimulia, wawili tu maisha yangu yote, na wote walifikiri wamenifariji. Najua nilikuwa mtoto. Lakini swali niliulizwa mimi, na jibu nilitoa mimi.

Basi tukapiga kambi. Baba alikuwa fundi wa mambo hayo. Alifunga turubai la jeshi kutoka ubavu wa lori mpaka kwenye miti miwili, akatandika majani chini na mkeka juu, akachimba shimo la moto na kulizungushia mawe. "Hivi ndivyo tulivyolala Bama," alituambia, "ila huku hakuna wa kutupiga risasi." Alikata ufito, akatia uzi na ndoana aliyokuwa nayo ndani ya boksi la zana, na kabla jua halijashuka akavua kambare wawili wanene. Tulioga kando ya kivuko pasipo na maji mengi. Tulirushiana maji, tukateleza kwenye tope, tukacheka mpaka mdogo wangu akapaliwa. Baba alitukunia nazi mwenyewe, akapika wali akatia na wale kambare. Mwanamume, hebu fikirini, yuapika na mke yuko! Harufu ya wali ule mpaka leo naisikia. Mama alipewa sahani akaiweka chini. Akaomba maji ya kutawadha.

Alipokuwa amekwenda kutawadha juu kidogo ya mto, nyuma ya vichaka, akatokea mtu na mkungu wa ndizi begani, anataka kuvuka. Alitoa salamu, baba akaitikia. Mtu akalitazama lori, akatutazama sisi na sufuria yetu.

"Wageni wa wapi nyinyi?" akauliza.

Baba alikuwa yuachochea moto. Akasema, "Wapita njia tu."

"Karibuni basi."

"Tushakaribia."

Mtu akakunja shuka, akaingia majini, yakamfika kiunoni kama alivyosema yule mzee, akavuka salama na ndizi zake, akapanda kilima. Dakika chache tu, hata wali haukupoa. Mimi nilimuuliza baba, "Mbona hukumwambia twaenda kwa nyanya?" Akaniegemea akaninong'oneza akitabasamu, "Tukiwaambia leo, kesho honi itamshtua nani?" Nikacheka. Naam, nilicheka. Ilikuwa siri yetu mimi na baba, na niliona fahari kupewa siri.

Mama aliporudi yule mtu alikuwa ameshapotea ng'ambo. Aliona tope limechafuka pale kivukoni. "Kuna mtu kavuka?" akauliza. Baba akasema, "Ndiyo, mtu na ndizi zake." Mama akasali, akabaki juu ya mkeka. Nililala shibe imenijaa, nguo zanuka moshi, na viatu nimevikumbatia.

Alfajiri mama alikuwa ameshafunga kila kitu. Maji yalikuwa yameshuka mpaka magotini. "Sasa," alisema. Baba akatia kijiti majini kupima kina, akatikisa kichwa: lori likizama katikati, tajiri atamla nyama. Tungoje kidogo. Katika ule muda wa kungoja akaoga kwa sabuni, akanyoa ndevu kwenye kioo cha lori, akavaa kanzu aliyokuwa ameikunja ndani ya gazeti isikunjamane, na kofia. Alitufuta vumbi sote. Alinifunga vifungo vya viatu yeye mwenyewe. Mama alisimama kando ya mlango wa lori tangu alfajiri mpaka saa nne, wala hakuketi.

Tukavuka. Lori lilinguruma, magurudumu yakateleza, likashika, likapanda ukingo wa pili, na baba akapiga kelele ya furaha. Kisha akaanza honi. Mbili fupi, moja ndefu. Mbili fupi, moja ndefu. Kilima kizima. Sisi nyuma tulisimama juu ya gunia tukishangilia.

Tulipopinda penye minazi tukaona wanaume wengi wamejipanga njiani, wenye kofia, wanatembea kuja upande wetu. Baba akasema kwa sauti, nikamsikia kutoka nyuma, "Waona? Wametoka kutupokea!" Akaibonyeza honi moja kwa moja, bila kuiachia.

Mimi nilikuwa juu, nikaona kabla yake. Wawili kati yao walikuwa na majembe mabegani, na majembe yana udongo mbichi.

Mama aliruka kutoka kwenye lori kabla halijasimama. Alimpitia mjomba mmoja, akampitia mwingine, akakimbia mpaka uani, na ndipo honi ilipokoma, na baada ya honi ndipo nikasikia kilio cha wanawake.

Nyanya alikuwa amekata roho alfajiri, saa ile mama anafunga furushi upande wa pili wa mto. Walimwosha, wakamkafini, wakamsalia, wakamzika. Maiti haikawizwi kwetu, na hawakuwa na wa kumngojea. Mtoto ndiye humwagia mamake maji ya mwisho. Maji yale walimwaga majirani.

Mama mkubwa, dada yake mama, ndiye aliyehadithia. Hakujua anasema nini, maskini. Alikuwa amekaa kwenye jamvi, amemkumbatia mama, anamweleza kama wafiwa wanavyoelezana, kila dakika ilivyokuwa.

"Alikuuliza tangu Jumatatu. Kila mbwa akibweka, auliza, 'Ndiye?' Kila mlango ukilia, 'Ndiye?' Jana magharibi akaja mtu wa ndizi kumjulia hali. Akasema kuna lori kivukoni, mwanamume na watoto, wanapika wali, watoto wachezea maji. Mimi nikaruka, nikasema, mama, huenda ni yeye! Mama akasema, 'Si yeye. Mwanangu hawezi kupika mtoni na mimi niko hivi.' Tukamuuliza yule mtu ni kina nani. Akasema wamemwambia ni wapita njia. Basi. Tangu hapo hakuuliza tena. Akageukia ukutani."

 Wanawake wote waliangalia nje, ambako lori lilikuwa limesimama na turubai bado limefungwa ubavuni. Mama mkubwa naye akaliona. Akaziba mdomo kwa mkono, lakini maneno yameshatoka, atayarudisha vipi?

Mama alinitafuta kwa macho mpaka akanipata penye nguzo. Akaniuliza taratibu, "Yule mtu alipopita, babako alimwambia nini?"

Baba alikuwa amesimama mlangoni na kanzu yake nyeupe. Aliniangalia. Hakunikunjia uso, hakunionya. Aliniangalia tu kwa macho yale mazuri, na nikaona kwamba yanaomba.

Nikasema, "Sijui."

Hiyo ndiyo mara ya pili. Ya kwanza niliulizwa wataka nini, nikasema lori. Ya pili niliulizwa kweli, nikasema sijui. Mama aliinamisha kichwa, kama mtu anayekubali bei asiyoipenda, akamgeukia dada yake.

Tulikaa matanga siku tatu. Wajomba hawakumcheka baba. Walimpokea vizuri, wakamshukuru kwa mchele uliolisha waombolezaji, na kwa ile sukari, maana chai ya matanga yote ilikuwa ya sukari yake, na watu waliisifu. Mjomba mkubwa alilizunguka lori akapigapiga boneti, akaomba aketi kwenye usukani. Alichokitaka baba alikipata chote, hakikubakia kitu. Niliwachukia wote kwa ajili hiyo, na baba nikamchukia kwanza, kisha nikamwonea huruma, na nikamchukia tena kwa kunifanya nimwonee huruma. Ile tambuu na tumbaku ilibaki ndani ya kikapu mpaka panya wakaitoboa.

Baba na mama waliishi pamoja miaka mingi baada ya hapo. Baba hakumwacha, wala mama hakuomba talaka. Alimpikia, alimfulia, akiitwa aliitika "abee" kwa adabu zake zote. Lakini baba akipita na lori akapiga honi, mama aliingia ndani. Baada ya mwezi mmoja hivi baba akaacha kuipiga, akawa anapita kimya kama lori la mtu mwingine. Alipokufa, mama alikaa eda yake miezi minne na siku kumi, hakupunguza hata siku moja. Watu walimsifu kwa uvumilivu. Mimi nilijua si uvumilivu. Alikuwa anamaliza alichoandikiwa, basi.

Na mimi sikumwambia mama. Alikufa akijua, nadhani, lakini si kwa kinywa changu. Nilikuwa na miaka arobaini na zaidi ya kumwambia, tukikaa pamoja tukichambua mchicha, na kila nilipofungua mdomo ilitoka habari nyingine.

Nimebakisha siku ya kuondoka. Ilikuwa Jumatatu asubuhi. Tuliteremka na lori mpaka kivukoni, na maji yalikuwa yameshuka kabisa, hayakuweza hata kumfika mtu kwenye goti. Majivu ya moto wetu yalikuwa pale ng'ambo, na mawe tuliyoyazungusha, na vifuu vya nazi tulivyotupa.

Mama akamwambia baba, "Simamisha."

Baba akasimamisha. Mama akampa baba yule mdogo amshike, akashuka, akavuta furushi lake kutoka nyuma. Wajomba na wanawake waliotusindikiza walikuwa wamesimama pale juu, wanatutazama wote. Akajitwika furushi kichwani. Akakunja leso mpaka magotini mbele ya macho yao, akaingia majini, peke yake, kwa miguu.

"Mke wangu," baba alisema. "Mke wangu, watu wanaona."

Hakugeuka. Alikuwa anatembea pole pole, kama aliyepitia pale maisha yake yote, na ndivyo ilivyokuwa.

Niliruka chini. Nilifungua vifungo, nikavua viatu, nikavishika mkononi, nikaingia majini nikimfuata. Maji yalikuwa baridi na changarawe zinachoma. Nilimfikia katikati ya mto, nikamshika leso. Alisimama. Alinitazama kwa muda, bila hasira, wallahi bila hasira hata kidogo, kama mtu anavyomtazama mtoto wa jirani aliyepotea njia.

"Rudi kwenye lori," akasema. "Viatu vyako vitalowa."

"Nimevivua, mama."

"Rudi."